Clara Barton: Mwenye Haya Aliyepewa Uongozi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Hesabu 27:1–7, Kutoka 4:10–16, Waamuzi 4:4–10, Kutoka 18:13–24, Matendo 16:13–15.

Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao aliyekufa bila kuacha mwana wa kiume. Habari hiyo tunaisoma haraka, kwa kuwa imo katikati ya hesabu ndefu ya makabila, na wengi wetu hata majina yao hatuyakumbuki. Lakini hebu fikiri walivyotembea kuelekea mlango ule. Hakuna mwanamke aliyewahi kuleta dai kama lile kabla yao. Musa mwenyewe hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akawapa haki, kisha akaifanya hukumu ile kuwa sheria ya Israeli.

Juma hili tunafuata maisha ya mwanamke wa Marekani, Clara Barton (1821–1912), ambaye wengi wanamjua kama mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Hakuwa Mwadventista. Nyumbani kwao walisali katika kanisa la Wauniversalisti, na alipokuwa mtu mzima hakushikamana sana na kanisa lolote. Tunamsoma kwa sababu yaliyompata kazini yanawapata dada zetu wengi hadi leo, shuleni, hospitalini, benki, na hata katika ofisi zetu wenyewe: anayeanzisha kazi ni mmoja, na anayepewa kiti ni mwingine. Tena tunamsoma kwa sababu alikuwa mwoga. Vitabu vya watoto humchora kama shujaa asiyetetemeka. Aliyeishi kweli hakuwa hivyo.

JUMAPILI: Mtoto Aliyejificha

Clara alizaliwa tarehe 25 Desemba 1821 katika kijiji cha North Oxford, jimbo la Massachusetts, akiwa kitinda mimba wa watoto watano. Aliyemtangulia alikuwa amemzidi miaka kumi hivi, kwa hiyo alikua kati ya watu wazima. Baba yake, Kapteni Stephen Barton, alikuwa amepigana vita ujanani, naye alimfundisha vyeo vya jeshi na mpangilio wa vikosi kama vile wazazi wengine wanavyofundisha hadithi za sungura. Kaka yake David alimfundisha kupanda farasi asiye na tandiko na kurusha mpira kwa nguvu. Lakini mbele ya wageni mtoto huyu alinyamaza kabisa. Wazazi walipompeleka shule ya bweni ili azoee watu, hakuweza hata kula, ikabidi arudishwe nyumbani.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, David alianguka kutoka kwenye boriti za ghala lililokuwa likijengwa. Kwa muda wa karibu miaka miwili Clara ndiye aliyemuuguza, akimpa dawa na kumwekea ruba wa kunyonya damu, kama madaktari wa wakati ule walivyoagiza. Hakuogopa ruba wala usiku. Aliogopa sebule iliyojaa watu.

Mama yake alikata tamaa, akamwuliza mgeni mmoja aliyefikia nyumbani kwao, L. N. Fowler, aliyejulikana kwa elimu ya kupima tabia ya mtu kwa kupapasa fuvu lake. Elimu ile ilikuwa ya uongo mtupu, lakini ushauri aliotoa ulikuwa mzuri. Alisema binti huyu hatajitetea kamwe kwa ajili yake mwenyewe, bali atasimama imara kwa ajili ya wengine. Basi apewe shule afundishe.

Soma Kutoka 4:10–16. Musa naye alitoa udhuru wa ulimi mzito. Angalia kwamba Mungu hakumwahidi kwanza kumwondolea woga ndipo amtume. Alimpa kazi, na mtu wa kwenda naye.

JUMATATU: Shule ya Bordentown

Clara alianza kufundisha akiwa na miaka 17, katika shule ya kijiji iliyokuwa na wavulana wakorofi waliokuwa karibu na kimo chake. Asubuhi ya kwanza alitetemeka. Wakati wa mapumziko alitoka nje akacheza nao mpira, nao wakashangaa kuona anarusha kama wao. Baada ya hapo hakuhitaji fimbo. Alifundisha hivyo kwa zaidi ya miaka kumi katika shule mbalimbali za eneo lile, na mapema kabisa aliwaambia wasimamizi wa shule msimamo ambao hakuuacha tena: huenda wakati mwingine angefundisha bila malipo, lakini ikiwa ni kulipwa, hangefanya kazi ya mwanaume kwa ujira ulio chini ya ule wa mwanaume.

Mwaka 1852 alifika mji wa Bordentown, jimbo la New Jersey. Aliona barabarani wavulana wengi wakizurura saa za masomo. Alipowauliza kwa nini hawako shuleni, walimjibu kwamba hakuna shule kwa ajili yao. Shule zilizokuwepo zilikuwa za kulipa ada. Sheria ya jimbo iliruhusu shule ya bure, ila watu wa mji waliiona kuwa ni shule ya mafukara, na wazazi maskini hawakutaka kuonekana mafukara. Wenzetu wanaokumbuka miaka ya watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ada hawahitaji maelezo zaidi.

Clara alikwenda kwa wasimamizi wa elimu. Wakamwambia kwamba watoto wale ni wahuni wanaofaa kufungwa jela, kwamba wanawake wenye heshima wangemdharau, na kwamba mwanamke hangeweza kuwatuliza. Akawajibu kwa pendekezo: atafundisha kwa miezi mitatu bila mshahara, mji utoe chumba tu. Walikubali. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi sita. Kesho yake wakaongezeka. Ndani ya muda wa kama mwaka mmoja walikuwa wamefikia mamia, na hesabu inayotajwa ni 600. Walimu wengine wakaajiriwa kumsaidia. Mji ulioona haya kuhusu shule ya bure sasa ulijivunia, ukapiga kura kujenga jengo jipya la matofali, lenye ghorofa.

Jengo lilipokamilika, wasimamizi walikaa kikao. Shule kubwa namna ile, walisema, haifai kuongozwa na mwanamke. Wakamwajiri mwanaume kutoka nje kuwa mwalimu mkuu kwa dola 600 kwa mwaka. Clara akapewa cheo cha msaidizi wa kike, kwa dola 250.

Alijaribu kuendelea. Mwalimu mkuu yule hakumpenda, na walimu wakagawanyika, wengine upande wa huyu, wengine upande wa yule. Sauti ya Clara ikakatika; hakuweza tena kusema darasani. Mapema mwaka 1854 alijiuzulu, akaondoka mjini.

Hapa darasa lisikimbilie jibu. Wako watakaosema kwamba Mkristo mnyenyekevu angebaki, akachukua dola 250 na kumshukuru Mungu kwamba watoto wanasoma. Neno hilo lina uzito, nasi hatutaki kulidharau, kwa kuwa Bwana wetu mwenyewe aliosha miguu ya watu. Lakini tazama vizuri. Mwanamke huyu alikuwa amefundisha miezi mitatu bila senti moja, kwa moyo mweupe. Hakuwa mpenda fedha. Kile alichotoa mwenyewe kilikuwa zawadi. Kile alichopunguziwa na kikao hakikuwa zawadi, bali tamko kwamba kazi ile ile ikifanywa na mwanamke ina thamani isiyofika hata nusu. Mabinti wa Selofehadi nao wangeweza kubaki hemani wakaita ukimya wao unyenyekevu. Kama wangefanya hivyo, mabinti wote waliokuja baada yao wangekosa urithi.

Ellen White aliligusa jambo hili katika miaka ya mwisho ya 1890, alipokuwa Australia. Baadhi ya wake za wachungaji walikuwa wakifanya kazi ya injili nyumba kwa nyumba kwa bidii sawa na waume zao, na hakuna aliyewaweka kwenye orodha ya mishahara. Aliandika kwa ukali kwamba hilo ni dhuluma, na kwamba wanawake hao walipwe.

Tafakari: Katika kanisa au kazini kwako, ni kazi gani hufanywa na wanawake bure, halafu hutengewa fungu katika bajeti siku inapokabidhiwa kwa mwanaume?

JUMANNE: Moshi Kwenye Ukumbi

Clara alikwenda Washington kupumzisha koo lake. Mwaka huo huo wa 1854 akapata kazi katika Ofisi ya Hataza, ile inayosajili uvumbuzi wa watu ili usiibwe. Kamishna wake, Charles Mason, alihitaji karani mwaminifu mwenye mwandiko safi, akamwajiri kwa dola 1,400 kwa mwaka, mshahara ule ule wa makarani wa kiume. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupata nafasi ya namna hiyo katika serikali ya Marekani.

Makarani wenzake walimpokea kwa njia ambayo wanawake wengi maofisini wangeitambua, ingawa siku hizi hutumia simu. Asubuhi walijipanga pande mbili za ukumbi. Alipopita katikati walimpulizia moshi usoni, wakatema tumbaku, wakapiga miluzi. Walieneza uvumi kuhusu mwenendo wake. Inasimuliwa kwamba mmoja alikwenda kwa kamishna kumshtaki, naye Mason akamwambia alete ushahidi, kwa sharti kwamba akishindwa ni yeye atakayeondoka. Aliondoka yeye.

Lakini bosi mwema si kinga ya kudumu. Mwaka 1855 Mason alipoiacha ofisi kwa muda, waziri aliyekuwa juu yake, Robert McClelland, asiyependa kuona wanawake na wanaume wakifanya kazi ofisi moja, alihakikisha cheo cha Clara kinaondolewa. Akawa mnakili, analipwa senti 10 kwa kila maneno 100. Alinakili usiku na mchana. Serikali mpya ilipoingia mwaka 1857 alifukuzwa kabisa. Mwaka 1860 akarudishwa, mnakili tena.

Kwa nini hakuacha mapema? Barua zake zinaonyesha mtu aliyeumia sana. Lakini alijua kwamba akikimbia kwa sababu ya moshi, mwanamke atakayeomba nafasi baada yake ataambiwa kwamba wanawake walishajaribiwa wakashindwa. Mzigo huo si wa haki. Mwanaume akishindwa kazi hushindwa yeye peke yake. Ni vema wanaume walio darasani walisikie hilo kabla ya kuwaambia dada zao wavumilie.

JUMATANO: Machozi Mbele ya Kanali

Aprili 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, Kikosi cha 6 cha Massachusetts kilishambuliwa na umati katika mji wa Baltimore, kikaingia Washington kikiwa na majeruhi na kimepoteza mizigo. Wanajeshi walilazwa ndani ya ukumbi wa Seneti. Clara alikwenda kuwatazama akakuta miongoni mwao vijana aliowafundisha kusoma. Alichana mashuka yake yawe bandeji, akaleta chakula, kisha akaanza kuandika barua kwa akina mama wa vijiji vya nyumbani akiomba vitu. Baada ya muda mfupi maghala matatu yalijaa.

Kwenda mstari wa mbele lilikuwa jambo jingine. Mwanamke aliyefuata jeshi alihesabiwa kuwa kahaba, na Clara aliogopa kuharibikiwa jina kuliko alivyoogopa risasi. Alisitasita zaidi ya mwaka. Baba yake, akiwa kitandani pa mauti mwanzoni mwa 1862, alimwambia aende. Hata hivyo alipofika mbele ya Kanali Daniel Rucker, mkuu wa usafirishaji, na kuulizwa anataka nini, alianza kulia. Rucker alimngoja. Alipoweza kusema, alieleza kwamba ana maghala yenye dawa, nguo na chakula, na kwamba anataka kuvipeleka palipo na majeruhi. Rucker alimpa magari ya farasi na hati za kupita.

Tunaombwa mara nyingi tuwafundishe wasichana wetu kujiamini, na semina nyingi hufundisha kana kwamba kujiamini ni kutolia. Clara alilia, na magari akayapata.

Tarehe 17 Septemba 1862, kwenye vita ya Antietam, magari yake yalifika kabla ya shehena ya jeshi. Aliwakuta madaktari wakifunga vidonda kwa maganda ya mahindi. Aliwapa bandeji, na jioni akawapa taa alizokuwa amezileta, kwa sababu katika vita iliyotangulia alikuwa ameona madaktari wakisimamisha upasuaji kwa kukosa mwanga. Chakula kilipokwisha, aligundua kwamba chupa za divai zilizobaki zilikuwa zimefungashwa ndani ya unga wa mahindi badala ya pumba. Akapika uji wa unga ule kwa ajili ya majeruhi. Alipokuwa ameinama kumnywesha maji askari mmoja, risasi ilipenya mkono wa gauni lake ikamwua yule askari. Inasemekana hakulishona tundu lile.

Soma Waamuzi 4:4–10. Baraka alikuwa na jeshi, lakini hakukubali kwenda bila Debora. Madaktari wa Antietam hawakuuliza kama kanuni inamruhusu mwanamke kuwepo pale. Waliuliza taa ziko wapi.

Vita ilipokwisha mwaka 1865, maelfu ya familia hazikujua watoto wao walikufa wapi. Rais Lincoln aliridhia Clara awe mahali pa kupelekewa maswali hayo, naye akafungua ofisi katika chumba alichopanga ghorofa ya tatu, Seventh Street, Washington. Aliajiri makarani akawasimamia. Barua zaidi ya 63,000 zilipokelewa, na habari za watu zaidi ya 22,000 zikapatikana. Katika gereza la kivita la Andersonville, Georgia, akishirikiana na Dorence Atwater, mfungwa wa zamani aliyekuwa amenakili kwa siri orodha ya waliokufa, alisaidia kuweka majina juu ya makaburi yanayokaribia 13,000. Yasiyo na jina yalikuwa mia nne na kitu tu. Fedha za kuanzia kazi hiyo zilitoka mfukoni mwake; mwaka 1866 Bunge likamrudishia dola 15,000.

ALHAMISI: Kutoka Geneva Hadi Dansville

Alianza kuzunguka nchi akihutubia juu ya vita, akidai malipo sawa na wahutubu maarufu wa kiume, kati ya dola 75 na 100 kwa jioni moja. Alipata. Lakini aliandika kwamba ni heri asimame nyuma ya mizinga ya Antietam kuliko kuongoza mkutano wa hadhara, na tunamsadiki, maana mwaka 1868 sauti yake ilikatika tena, safari hii jukwaani. Madaktari walimtuma Ulaya akapumzike.

Huko Geneva alijifunza habari za Mkataba wa Geneva wa 1864, uliowalinda majeruhi na wahudumu wao, na za Msalaba Mwekundu. Aliambiwa kwamba Marekani ilikuwa imekataa kutia sahihi. Muda si mrefu Ufaransa na Prussia zikaingia vitani, na yeye aliyetumwa kupumzika akajikuta Strasbourg, mji uliobomolewa kwa mizinga. Pale alifanya jambo linalomtofautisha na wafadhili wengi. Badala ya kugawa nguo tu, alianzisha chumba cha ushonaji na kuwalipa wanawake wa mji wawashonee wenzao. Walipata nguo, na ujira, na jambo la kuamkia asubuhi.

Aliporudi Marekani alianguka kwa ugonjwa wa mwili na huzuni nzito iliyodumu miaka. Ndipo mwaka 1876 alipohamia mji mdogo wa Dansville, jimbo la New York, karibu na nyumba ya matibabu ya Dk. James Caleb Jackson. Wasomaji wa historia ya kanisa letu wanalijua jina hilo. Ni hapo hapo Dansville ambapo James na Ellen White walikwenda mwaka 1864, wakarudi mwaka 1865 James alipopooza. Na waliyoyaona pale, mema na yasiyofaa, yaliwasaidia kuweka msingi wa taasisi ya afya ya Battle Creek mwaka 1866. Clara alifika miaka kumi hivi baada yao. Maji, matunda, hewa safi na kupumzika vilimrudisha polepole.

Kutoka kitanda kile cha Dansville alianza kuandika barua kwa wakubwa wa serikali. Waziri baada ya waziri alimwambia kwamba Marekani haitapigana vita tena, hivyo haihitaji mkataba. Akabadilisha hoja: je, mafuriko, moto na njaa? Tarehe 21 Mei 1881 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulianzishwa, yeye akiwa rais wake. Mwezi Agosti tawi la kwanza la mji likaanzishwa Dansville. Na Machi 1882 mkataba ukatiwa sahihi na Rais Arthur na kuridhiwa na Seneti. Alikuwa na miaka 60, umri ambao wengi wetu tunafikiria kustaafu.

Mwaka 1889 bwawa lilipasuka juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, watu zaidi ya 2,200 wakafa. Alifika siku chache baadaye akakaa miezi mitano. Mwaka 1893 kimbunga kilipiga visiwa vya pwani ya South Carolina, ambako wengi wa wakazi walikuwa Waafrika waliokombolewa utumwani na watoto wao. Kwa miezi kumi, na fedha kama dola moja hivi kwa kila mtu, kazi yake ilihudumia watu wapatao 30,000: wanaume walichimba mifereji ya kutoa maji ya chumvi mashambani, wanawake walishona, mbegu zikagawanywa. Lidia wa Matendo 16 alitoa nyumba yake kwa sababu alikuwa nayo, na alikuwa nayo kwa sababu alijua kufanya biashara. Moyo wa huruma na kichwa cha hesabu havigombani.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Kutoka 18:13–24 kabla ya kuendelea.

Clara hakuwa na Yethro, au hakumsikiliza. Aliongoza shirika la taifa zima kama alivyoongoza magari yake ya farasi: mwenyewe. Alifungua barua mwenyewe, alikwenda kila penye msiba mwenyewe, hata Cuba mwaka 1898 akiwa na miaka 76, na Galveston baada ya kimbunga cha 1900. Fedha zake na za shirika zilichanganyika, mara nyingi kwa hasara yake, lakini zilichanganyika. Stakabadhi hazikutunzwa vizuri. Baada ya Bunge kulipa shirika hati rasmi mwaka 1900, iliyodai taarifa ya fedha kila mwaka, wakosoaji walikuwa na la kushika.

Aliyewaongoza alikuwa mwanamke kijana zaidi, Mabel Boardman, hodari wa utaratibu. Uchunguzi haukuthibitisha wizi wowote, na kwa kweli Clara hakuwa mwizi. Hata hivyo tarehe 14 Mei 1904, akiwa na miaka 82, alijiuzulu kwa uchungu. Wako wanaomtetea kwa kila jambo. Sisi tunaona kwamba kuhusu hesabu wakosoaji walikuwa na haki, na kuhusu namna walivyomtendea hawakuwa nayo.

Boardman ndiye aliyeliendesha shirika miaka mingi baada ya hapo. Lakini alikataa kushika kiti cha juu. Aliamini kwamba wananchi wangeuamini Msalaba Mwekundu zaidi ukiongozwa na mwanaume, basi William Howard Taft akawa rais wa shirika, na Boardman akafanya kazi.

Clara naye hakukaa kimya. Alianzisha chama cha kufundisha huduma ya kwanza, akaishi Glen Echo, Maryland, katika nyumba iliyojengwa kwa mbao zilizotumika Johnstown. Alikufa hapo tarehe 12 Aprili 1912, akiwa na miaka 90.

Chumba chake cha Seventh Street kilifungwa, kikasahauliwa. Mwaka 1996 fundi seremala wa serikali, aliyetumwa kukagua jengo lile kabla ya kubomolewa, alikuta darini karatasi, nguo na kibao chenye jina la Miss Clara Barton na maelekezo ya kufika kwenye ofisi ya wanajeshi waliopotea. Jengo halikubomolewa.

Maswali ya Kujadili:

Boardman alikuwa na uwezo wa kuongoza, lakini akaona kiti si cha mwanamke. Je, uamuzi wake ulikuwa busara, unyenyekevu, au kitu kingine? Sikilizeni kwanza jibu la wanawake wa darasa.

Clara alishindwa kugawa kazi. Je, inawezekana kwamba mtu aliyenyang'anywa shule yake akiwa kijana aliogopa kukabidhi chochote tena? Jambo hilo lingebadilisha vipi namna tunavyowahukumu viongozi wa kike wanaoshikilia kila kitu?

Kama mabinti watano wangekuja leo mbele ya baraza la kanisa lenu na dai jipya ambalo kanuni haijalitaja, nani angelipeleka shauri lao mbele, na lingefika wapi?